Kistari Kitakatifu

Kurasa za mwongozo wa Unix, zile zinazofunguka ukiandika man, zipo tangu 1971, na nyingi bado zinaandikwa kwa alama za roff: nukta mwanzoni mwa mstari, mikwaju ya nyuma kila kona. Kuzisafisha ni kazi ya heshima. Mtu anaondoa \fB, anaweka .B, anaeleza sababu kwa aya tatu, anapongezwa na wenzake wawili, na msomaji haoni tofauti hata chembe.

Isipokuwa kwenye kistari. Cha amri huandikwa \-. Kile kitupu ni cha kuunga maneno tu. Miaka nenda rudi watu walivichanganya bila kudhurika. Mwaka 2023 groff 1.23, programu inayozipanga kurasa hizo, ikaamua kuwa na msimamo: kitupu kitoke kama kiungo cha maneno, wala si vinginevyo. Debian, wasambazaji wa Linux, wakairudisha hali ya zamani, maana nao wana watumiaji wa kuwaonea huruma.

Penye msimamo, mwanafunzi wa Mbale ananakili ls -l kutoka mwongozoni, anabandika, na kwa kuwa kistari alichonakili si cha amri, anaambiwa hakuna faili la jina hilo. Anampigia kaka yake Jinja, mji wenye bwawa la umeme tangu 1954, ambako leo umeme umekatika.

“Umesoma mwongozo?”

“Kaka, ndiko nilikoitoa!”

“Basi futa, andika kwa mkono.”

Msafishaji wala hana habari. Wiki hii anapigania kila sentensi ianze mstari wake.