Katika Kuisifu Lau ya Kiingereza

Wapo waliousifu mnazi, na kwa haki, kwa maana hakuna sehemu yake isiyofaa; wapo waliosifu majahazi, na farasi, na macho ya wapenzi wao; lakini sijapata kusikia, wala barazani wala katika majilisi ya watu wa elimu, mtu aliyesimama kuyasifu yale mazoezi ya sentensi za masharti ambayo kila mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, tangu Kibokoni hata Kuze, hufanyishwa na mwalimu wa tuisheni baada ya alasiri, kalamu mkononi na uso umekunjamana, akitakiwa avitoe vitendo vilivyofungiwa mabanoni na kuvitia katika hali inayovistahiki. Na kwa kuwa kitu kinyonge hustahiki kutetewa na mtu asiye na maslahi nacho, nami sifundishi Kiingereza wala siuzi vitabu, nimeona ni wajibu wangu kuikamata kazi hii iliyoachwa na wengine.

Nasaba ya mazoezi haya ni ya kale kuliko shule zetu. Kijana aliyekwisha kukaa msikitini mbele ya sheikh na kitabu cha Ajurumiyya, akafunzwa kwamba sharti halikai peke yake bali hudai jawabu lake, kisha akapanda daraja na kufunzwa kwamba lau ya Kiarabu huonyesha jambo lililozuilika kwa kuwa jingine limezuilika, huyo akifunguliwa sarufi ya Kiingereza haoni ajabu yoyote. Amekutana na jamaa wa zamani aliyevua joho akavaa suruali. Vitabu vya Waingereza huyagawa masharti mafungu matatu: la kwanza ni la jambo linalowezekana, la pili ni la jambo lililo mbali na uwezekano, na la tatu ni la jambo lililokwisha kupita, likafa, likazikwa, wala halina njia ya kurudi. Vitabu vingine huongeza fungu la nne na kulipa nambari ya sifuri, kana kwamba lilizaliwa kabla watu hawajajua kuhesabu. Mimi mapenzi yangu yako kwa lile la tatu, ambalo ndilo linalowatoa watoto jasho, kwa sababu ya ule msongamano wa had upande mmoja na would have upande wa pili, vitendo visaidizi vikisukumana mlangoni kabla ya kitendo chenyewe kupata nafasi ya kuingia.

Amma fadhila yake iliyo kubwa naieleza kwa taratibu, kwa sababu inagusa dini. Katika mji huu watoto hulelewa juu ya mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtu akifikwa na jambo asikae akihesabu vile angalifanya na vile ingalikuwa, kwani lau ya namna hiyo humfungulia Shetani mlango, bali aridhike na kadari ya Mola wake. Mtoto aliyevunja gudulia au aliyeachwa na feri ya Likoni, akianza kusema lau, bibi yake humkatiza neno kabla halijafika mwisho. Kisha mtoto yuyo huyo, saa moja baadaye, hukalishwa mbele ya ukurasa uliojaa lau tupu, akaamrishwa azikamilishe zote, na akiacha moja bila kuijutia hukatwa alama. Wanazuoni wamekwisha kubainisha kwamba lililokatazwa ni majuto ya kuipinga kadari, si maneno ya kufundishia elimu. Kwa hiyo mazoezi haya yamekuwa ndiyo mahali pa pekee katika kisiwa kizima ambapo Mwislamu mdogo huweza kujuta kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, bila ya taksiri wala toba, akaandikiwa alama ya sahihi kwa wino mwekundu. Fauka ya hayo, majuto yenyewe si yake: anamjutia mtu aitwaye John, asiyemjua kwa sura, ambaye lau angaliamka mapema asingaliachwa na treni. Sijui taifa jingine lililobuni njia ya kumwajiri mtu alie kwa niaba ya mgeni asiyekuwapo.

Na Mombasa, enyi wasomaji, ni mji unaohitaji sana chombo cha namna hiyo, maana historia yake imejengwa kwa mawe, chokaa na lau. Atakayebisha na ashuke mpaka Ngomeni. Ngome ile, iitwayo Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani na wenzi wao tangu Machi 1696 hata Disemba 1698, na waliokuwa ndani wakaliwa na maradhi zaidi kuliko walivyouawa na risasi. Marikebu moja iliyotumwa kutoka Goa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya kuta zake mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa humo na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vinaonekana leo katika makumbusho ya ngome hiyo hiyo. Kisha zikaja meli nyingine za msaada, zikafika siku chache baada ya ngome kutekwa, zikaiona bendera nyekundu ya Waomani ikipepea, zikageuza tanga. Lau zingaliwahi! Mwalimu wa sarufi akitafuta mfano wa fungu la tatu, ahangaike na treni ya John kwa nini?

Lakini kisa nikipendacho zaidi ni cha nyumba ile iliyo juu ya Bandari ya Kale, iitwayo Leven House, ambayo imechukua jina la meli ya Kapteni William Owen. Mabwana wa Kimazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa na kumwogopa Seyyid Said wa Oman, walishona wenyewe bendera ya Kiingereza wakaipandisha ngomeni kabla Mwingereza yeyote hajakubali kuwalinda. Na Owen alipotia nanga mwezi wa Februari 1824 aliikuta inapepea, akafanya nao mapatano, yakiwemo ya kukomesha biashara ya watumwa na kugawana ushuru wa forodha, yote kwa sharti kwamba serikali yake iliyoko London iyaridhie. Angalieni uzuri wa jambo hili: utawala mzima umetundikwa juu ya neno if! Owen akaenda zake, akamwacha afisa kijana, Reitz, kuwa gavana, naye akafa kwa homa mwaka huo huo, na jina lake likabaki katika ile hori tuiitayo Port Reitz. London haikuridhia. Mwaka 1826 bendera ikashushwa, na mwaka 1837 Seyyid Said akautia mji mkononi. Mtoto wa shule akiacha sharti bila jawabu hupigwa sifuri, na hapa serikali kubwa iliwaacha Wamombasa na sharti mkononi wakilingojea jawabu miaka miwili, wala hapakutokea msahihishaji wa kuikata alama.

Ya 1928 nayataja kwa ufupi, kwa kuwa kidonda hakijakauka. Wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa kwenyewe kuchagua lahaja ya kusanifishwa, wakakisikia Kimvita kila walipotoka nje ya mlango, kisha wakaamua kuwa bora ni Kiunguja. Lau wangaliamua vingine, leo angekuwa mtoto wa Unguja ndiye anayesahihishwa Kiswahili chake. Na ya 1963, ya ukanda wa pwani na bendera ya Sultani, siyagusi kabisa, maana kuna baraza hapa zilizokwisha kutulia, na lau moja tu yatosha kuziamsha hata adhana ya alfajiri.

Mji wenye mizigo ya namna hii usingalipata dawa bora kuliko kuifanya lau kuwa somo. Majuto yaliyowashinda wazee yanapopewa nambari, yakawekewa nukta nne za kujaza na kurejeshwa siku ya Jumatatu, hupoa. Sijaona kijana aliyeghadhibika juu ya Kapteni Owen baada ya kuandika upya habari zake katika sentensi inayoanza kwa had. Huwa amechoka mno. Kwani mtihani wa taifa wa kidato cha nne hauridhiki na if iliyo dhahiri, bali humwamrisha mtahiniwa aiondoe, akitangulize kitendo kisaidizi, na maana ibaki vile vile, ili sharti lijulikane kuwapo ingawa halionekani. Nani atasema hiyo si elimu ya siasa?

Mafungu mengine nayapitia tu. La kwanza halina haja ya mwalimu, maana Marikiti hunena hilo kutwa: ukichukua fungu mbili nitakupunguzia, usipochukua nenda kwa jirani. La pili ni la adabu na nasaha, hutumiwa na kila mzee ambaye “ningekuwa wewe” ndiyo bismillahi ya mashauri yake, na ambaye, alhamdulillahi, hajawahi kuwa wewe hata siku moja.

Mahasidi husema kwamba hakuna atumiaye Kiingereza cha namna hii, na kwamba vijana wanaowatembeza wageni pale Ngomeni hunena na Mwingereza, na Mtaliano, na Mjerumani, wakaelewana na kulipwa, bila ya kupita katika mafungu haya. Ni kweli, na ndiyo sifa yenyewe: kitu kinachotumika huchakaa, na fungu la tatu, baada ya vizazi vyote hivi vya wanafunzi wa kisiwa chetu, bado ni jipya kabisa.

Neno moja la malalamiko ninalo, nalo nalipeleka kwa wachapishaji. Zamani vitabu vilijaa theluji: lau theluji isingalianguka, shangazi angalifika. Sasa wameiondoa, wakaweka matatu, na foleni, na mvua ya masika, wakidhani wanamhurumia mtoto wa Pwani. Mtoto huyo mvua ya masika anaijua. Ikitajwa mabanoni hukumbuka viatu vyake, na mtaro wa Kibokoni, na nguo zilizoanikwa juu ya dari, akaanza kujuta kwa kweli, jambo ambalo mazoezi haya yalikusudiwa kumwepusha nalo. Theluji haikumdhuru mtu yeyote hapa. Naomba irudishwe.