Thibitisha Kwamba Utarudi

Ukiomba viza ya Schengen kwa ajili ya likizo fupi, usihangaike sana kueleza unakwenda kufanya nini. Sema unakwenda kutazama maua, makumbusho, madaraja, watakuandikia. Shida iko kwenye swali la pili, ambalo hakuna anayekuuliza kwa mdomo lakini kila karatasi wanayoitaka inalizunguka: utarudi?

Mimi nilialikwa Rotterdam na binamu yangu aliyeolewa huko. "Kaka, njoo tu wiki moja upumzike," alisema, na hilo "njoo tu" ni la mtu ambaye siku hizi anasafiri kwa pasipoti ya Uholanzi na amesahau tulikotoka. Hata hivyo naye alilazimika kubeba fomu ya kunikaribisha hadi halmashauri ya mji wake, akasaini mbele ya ofisa na kugongewa muhuri. Huku kwetu mgeni hushuka kwenye basi na kuku mkononi, na kitanda kinapatikana kwa mtoto kuhamia kwenye mkeka.

Upande wangu orodha ilikuwa ndefu. Pasipoti ibakiwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, tena iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Nafasi ya ndege uionyeshe, ila unashauriwa usilipie tiketi kabla ya kupata viza. Ada ni euro 90, na hairudi hata ukinyimwa. Hadi Juni 2024 ilikuwa 80, jambo ambalo kila niliyemwambia habari za safari alinikumbusha bila kuombwa.

Halafu picha: milimita 35 kwa 45, uso wote uonekane, bila tabasamu. Fundi picha wa mtaani kwetu hajawahi kumwachia mteja uso wake. Alinipiga, akaingia kwenye kompyuta, akanitoa nikiwa nang'aa kama bwana harusi wa kwenye kalenda, kovu la juu ya jicho limefutwa na kidevu kimechongwa upya. "Hiyo ni ofa, kaka," akasema. Nikamweleza kwamba picha inatakiwa ifanane na mimi, maana mimi ndiye nitakayesimama mpakani. Weusi wangu alinirudishia kwa nyongeza ya shilingi elfu mbili. Kovu alisema lishapotea.

Bima ya safari nayo ina masharti yake. Isipungue euro 30,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 80, na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kurudisha mwili nyumbani ukifia huko. Nilikosea nini hata nikamsomea mama kwenye simu, sijui. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa baba, unakwenda kupumzika au kupumzishwa?" Jioni ile shangazi wawili walipiga kunipa pole.

Barua ya mwajiri ndiyo iliyokaribia kuniponza. Inatakiwa iseme wewe ni mfanyakazi wao, umepewa likizo, na utarejea kazini tarehe fulani. Dada wa utumishi ofisini kwetu, ambaye kwa wema wake hajawahi kuandika barua mpya pale ambapo ya zamani ipo, alichukua ile aliyomwandikia mzee mmoja aliyestaafu, akabadilisha jina. Ikatoka na muhuri na sahihi ya bosi, ikinishukuru kwa utumishi uliotukuka na kunitakia kila la heri katika maisha yangu mapya. Niliiwahi kabla haijaingia kwenye bahasha. Nilipoomba waongeze kwamba wananitarajia nirudi, bosi aliinua macho: "Kwani ulikuwa na mpango mwingine?" Kabla sijajibu, mwenzangu wa meza ya jirani alishaanza kuuliza kuhusu kiti changu cha kuzunguka.

Ikabaki taarifa ya benki. Sijawahi kusoma wasifu wa mtu ulioandikwa bila huruma kiasi kile. Mshahara unaingia tarehe 25. Kufikia tarehe 28 umeshakwenda kwenye LUKU, ada ya mpwa, vifurushi, makato yasiyojieleza na, kwa wingi kuliko vyote, michango ya harusi. Elfu hamsini kwa mtu asiye wa ukoo wetu. Laki moja kwa mwingine. Elfu thelathini, sendofu. Mweka hazina wa kamati hii, mweka hazina wa kamati ile. Ofisa asiyejua mambo yetu angeweza kuamini kwamba kuna genge linanitishia maisha.

Shemeji akaja na tiba yake: kikoba chao kiniingizie milioni kadhaa zikae wiki mbili, zionekane, kisha zitoke. Mbinu hiyo maofisa wanaijua kuliko shemeji. Pesa iliyodondoka ghafla kwenye akaunti iliyozoea njaa hujitangaza yenyewe. Nilikataa, na wanakikoba waliposikia waliitisha kikao cha dharura kumuuliza shemeji ruhusa hiyo kaipata wapi.

Tatizo la fomu hizi ni kwamba zinatafuta kamba za kumfunga mtu na kwao mahali ambapo hazipo. Kazi inaachwa. Gari linauzwa. Nyumba inapangishwa, na kodi ikatumwa popote duniani. Lakini mtu aliyechangia harusi za wenzake tangu ana nywele kichwani, na yake bado haijafungwa, atakimbilia wapi? Ile ni akiba. Iko mikononi mwa watu kati ya Mbagala na Mwanza, haina riba, haihamishiki, na inalipwa kwa sharti moja: uwepo mwenyewe, umevaa suti, umekaa meza kuu. Ukioa Rotterdam umewasamehe wote. Haya niliyaandika kwenye barua ya maelezo, kwa heshima zote, nikaambatisha na kadi za michango. Dada wa dirishani alisoma, akacheka hadi akashika meza, kisha akanirudishia kadi kwa sababu hazimo kwenye orodha. Alipokuwa akinichukua alama za vidole, ambazo wanaweza kuzitumia tena ndani ya miezi 59, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye anadai watu.

Majibu hutoka ndani ya siku 15, na wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Katika kusubiri nilisoma kwamba Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, na kwamba mkataba wenye jina hilo ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya boti na nchi tano tu. Leo ziko 29. Sikuona popote kwamba kuna aliyeulizwa tiketi ya kurudi nchi kavu.

Viza ilitoka. Schiphol, kwenye foleni, mbele yangu alikuwa mzee wa Kiingereza akilalamika kwa nini anatakiwa kutoa alama za vidole kwa likizo ya siku chache. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuwasajili hivyo hata wageni wasiohitaji viza, na mfumo wa ETIAS utakapofuata wataomba kibali mtandaoni kwa euro 20. Nilitamani kumwambia pole, mzee, utazoea. Zangu walishakuwa nazo, kwa hiyo nilipita kabla yake. Wiki yenyewe ilikuwa ya mvua na jibini, na nililala vizuri.

Nikarudi siku niliyoandika. Waliotaka uthibitisho kwamba nitarudi hawakupiga simu hata kuuliza kama nimefika. Aliyejua ni mweka hazina: simu ilipopata mtandao uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, nilikuwa nimeshaingizwa kwenye kundi jipya la harusi, na jina langu lina ahadi mbele yake.

Ya kwangu ni Desemba. Niliowachangia mnajijua, na taarifa ya benki bado ninayo, imegongwa muhuri kila ukurasa.