Namba Mpya, Foleni Ileile

Kijana wa mauzo alikuja ofisini kwetu Ntinda akaniapia kwamba tukihamia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, intaneti "itapaa, ssebo". Nikamwagizia chai. Anayepaa asipae na njaa.

Haki yake nimpe. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, ndiyo maana kampuni za simu huwabana wateja chungu nzima nyuma ya anwani moja, kama kijiji kinachochangia sanduku moja la posta. Kila barua ikifika, karani afunue daftari ajue ni ya nani. IPv6 inamstaafisha karani huyo. Hapo unaokoa chembe ya sekunde. Kisha unatozwa: kichwa cha kila pakiti ya data kinanenepa kutoka baiti 20 hadi 40.

Lakini kinachochelewesha zaidi si anwani, ni safari: Uganda haina bahari. Ukifungua tovuti ya duka la Kikuubo iliyohifadhiwa Ulaya, ombi lako huteremka hadi pwani, Mombasa kwa mfano, lipige mbizi, liibukie ng'ambo, kisha jibu lirudi likitweta. Kampala ina kituo chake cha kubadilishana data, UIXP, tangu 2001, ila hakiwezi kukukabidhi kilichowekwa Frankfurt. Taksi ikifungwa namba mpya, Wandegeya itakaa kwenye foleni ileile.

Nikamuuliza kijana kama tovuti ya kampuni yake yenyewe inafunguka kwa IPv6. Akachungulia kikombe.

"Tuko mbioni, ssebo."

Akaomba sukari.