Gumba na Rili Isiyo na Breki

Katika vyombo vyote alivyopata kuvibuni mwanadamu ili amnase samaki, toka dema na uzio hadi jarife na mshipi, sikijui kimojapo kiwezacho kumfedhehesha mwenyewe upesi kuliko rili ya bobini inayozunguka, iliyoondolewa breki zake. Maana dema likikosa, hukosa chini ya maji ambako hakuna aonaye, bali rili hii hufanya uharibifu wake mchana kweupe, mkononi mwa mtu na mbele ya mashahidi, kisha ikamwachia yeye kazi ya kuufumua.

Yafaa msomaji afahamishwe tabia ya chombo hiki. Katika rili ambazo wengi huanzia, bobini haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi huchopoka ukingoni mwake, na chambo kikipungua mwendo, mshipi nao hupungua kutoka. Katika rili ninayoisimulia, bobini imelazwa kingamo juu ya ufito, nayo huzungushwa na mvuto wa chambo chenyewe. Chambo huondoka kwa kasi, na bobini huifuata kasi hiyo. Kisha hewa hukipunguzia chambo mwendo, ilhali bobini haina habari ya hewa, nayo huendelea kutoa mshipi ambao hakuna aliyeuomba. Kwa ajili hiyo watengenezaji walitia breki: katika rili nyingine ni vipande vidogo vinavyotupwa nje na mzunguko vikasugua ukuta wa chuma, katika nyingine ni sumaku zinazoizuia bobini bila ya kuigusa. Hizo zikiondolewa, hubakia breki moja tu aliyotujalia Muumba, nayo ni kidole gumba.

Kukaa kwangu Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, ambako Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo husikika madukani na makanisani, kumenisogeza karibu na chimbuko la balaa hili. Mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kuna mji mdogo uitwao Paris, na humo, mapema katika karne ya 19, fundi wa saa aitwaye George Snyder alitengeneza rili ambayo mpini wake ukizungushwa mara moja, bobini huzunguka mara kadhaa. Ndugu wawili wa ukoo wa Meek, mafundi wa saa wa Frankfort, waliiendeleza kazi hiyo. Baadaye akaja William Shakespeare wa Kalamazoo, Michigan, ambaye siye yule wa Mabepari wa Venisi aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, akaiongezea rili kifaa cha kuupanga mshipi sawasawa unaporudi. Lakini wenye lawama kwangu ni mafundi wa saa, kwa kuwa umri wao wote waliupitisha wakipigana na msuguano, wasimfikirie mtu ambaye msuguano ndio utakaomsitiri.

Rili niliyoonjea mambo haya aliniazima jirani yangu, mzee wa huko huko, ambaye hukituma chambo chini ya tawi lililoinamia maji akakitua pale anapotaka. Aliponikabidhi, niliona kitufe cha sumaku kimerudishwa hadi sifuri, nikamwuliza sababu, naye akanijibu kwa upole wote kwamba breki ni za watoto. Mtu mzima ana gumba lake. Hujja hii ilinikaa moyoni, madhali mimi nimekulia Mkoani, kisiwani Pemba, ambako mshipi wa mkono hushushwa kwa chubwi na kusikilizwa kwa kidole tangu mtu hajaota ndevu. Nikaona kwamba kama ni elimu ya gumba, basi langu lilikwisha kuhitimu. Mzee hakuona haja ya kunikumbusha kwamba mshipi wa Pemba hukaa chini ya miguu ya mvuvi, umetulia, ukingoja kuitwa.

Tulikwenda Elkhorn, kijito mashuhuri kwa samaki aitwaye besi, mimi na shemeji yangu, mtu wa Uvira aliyezoea mikeke ya Ziwa Tanganyika. Nikasimama juu ya mwamba, nikaupeleka ufito nyuma, nikaurejesha mbele kwa nguvu zinazompasa mtu anayetazamwa, na nikainua gumba. Bobini ikalia kwa sauti nyembamba, chambo kikaruka kiasi cha urefu wa mtumbwi, kisha kikakatishwa safari hewani kwa mshtuko, kikarudi kuanguka karibu na viatu vyangu. Nilipotupa macho mkononi, bobini ilikuwa haionekani tena: vitanzi vimefumka kila upande, vingine vimepita chini ya vingine, vingine vimeng'ang'ania mpini, na kimoja, kwa njia isiyoelezeka, kimezunguka kifungo cha shati langu.

Shemeji alivitazama kwa huruma, akaniuliza, "Shemeji, ulikuya kuvua ao kufuma nyavu?"

Kuufumua mshipi uliotatizika namna hii ni ibada ya peke yake, kwani mwenye haraka huvuta, na kila avutapo hukaza. Tadbiri yake ni kulikandamiza gumba juu ya bobini, kuzungusha mpini mizunguko michache, kisha kuuvuta mshipi polepole. Vitanzi vingi hutii, na visivyotii huchokolewa kimoja kimoja kwa ncha ya ndoana, kama nywele za mtoto zilizosokotana zinavyochambuliwa na shangazi, isipokuwa huko hulia mtoto na hapa hulia shangazi. Katika muda huo wote besi walirukaruka mbele yangu kwa usalama kamili.

Jioni nilipoirudisha rili, mzee aliichukua akarusha pale pale uani kwake, nami nikalitazama gumba lake. Halikuinuka kabisa: liliugusa mshipi kidogo chambo kilipofika kileleni, likaugusa tena kilipoinama, likaikaba bobini sawia na chambo kutua majanini; na rili yenyewe hakuiangalia hata mara moja. Hapo ilinidhihirikia kuwa kuondoa breki hakupunguzi kazi ya kuzuia hata chembe. Kunaitoa tu katika sumaku, ambayo haichoki wala haijivuni, na kuitia katika kidole, ambacho huchoka, hujivuna na hubabuka. Faida wanayoisifu mabingwa, ya kwamba chambo huenda mbali zaidi, ni kweli tupu. Ila wao walikwisha kuilipia zamani, kwa magumba yaliyobabuka na mishipi iliyotupwa jalalani, na aliyekwisha kulipa husahau bei.

Nilipomshukuru kwa kuniazima, mzee alisema kwamba hana shida na waazimaji, kwa kuwa rili hii hurudishwa upesi siku zote.

Maneno hayo niliyatafakari sana. Sasa ninayo rili yangu, na breki zake nimezikaza bila ya haya. Lakini akija mtu kuiazima, kwanza huirudisha sumaku hadi sifuri, kisha nikamweleza kwa upole wote kwamba breki ni za watoto. Shemeji, ambaye msumeno wangu u kwake tangu mwaka jana, ameiomba kwa Jumamosi ijayo.