Kifaru Anapobisha Hodi kwa Twiga

Ofisini kwetu mtu wa IT ndiye anayeitwa printa ikitafuna karatasi, rimoti ya kiyoyozi ikipotea na simu ya mkurugenzi ikijaa picha za harusi. Siku mtandao ukikatika wote wanamwita kwa mpigo, na swali ni lilelile: “Kwani huwezi kuingia huko kwenye seva ukaurudisha?” Ukiwajibu kwamba njia ya kuingia huko ni huohuo mtandao uliokatika, mama wa uhasibu anaguna. Mguno wake una uzito kuliko barua ya onyo.

Kumbe mlango wa uani upo. Nyuma ya seva zetu mbili, Kifaru na Twiga, chini ya vumbi ambalo hakuna bajeti iliyowahi kuligusa, kuna tundu la siriali lenye pini 9. Kanuni zake, RS-232, zilitolewa Marekani mwaka 1960, yaani zimeutangulia Uhuru wa Tanganyika kwa mwaka mmoja. Tundu hilo halina anwani ya IP wala neno la siri la waifai. Mwezi Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, nusu ya Dar ikashika simu juu kutafuta mtandao, tundu hilo halikupata habari. Unachomeka waya, herufi zinapita moja baada ya nyingine, basi. Na Linux, pamoja na ujana wake wote, bado rohoni mwake inadhani upande wa pili kuna Teletype Model 33, ile mashine ya miaka ya 1960 iliyokuwa ikipiga herufi 10 kwa sekunde na kutetemesha meza.

Waya wenyewe ni kasheshe ya peke yake. Kariakoo ukiulizia waya wa siriali, kijana wa kwanza atakuletea waya wa projekta, kwa sababu nao una skrubu mbili pembeni. “Ndio huuhuu, bro.” Ukimwambia siyo, anaruka mtaa wa pili na kurudi anahema, mkononi ana waya wa printa ambayo kiwanda chake kilishafungwa. Niliokolewa na mzee mmoja anayeuza mashine za risiti za EFD. Hakuinua hata macho. “Wa moja kwa moja au wa kuvuka?” akauliza. Nilitamani kumwamkia mara ya pili.

Maana swali hilo ndilo lenyewe. Kompyuta husemea kwenye pini ya 3 na kusikilizia kwenye pini ya 2. Ukiunganisha mbili kwa waya wa moja kwa moja, zote zinasema kwenye uzi mmoja na zote zinasikiliza kwenye uzi usio na msemaji, na zitakaa hivyo hadi umeme ukatike. Waya wa kuvuka unapishanisha nyuzi hizo. Mzee akanipa na adapta ya USB, kwa kuwa laptopu za siku hizi hazina tundu hilo, na akatoa angalizo: “Linux inaikubali. Windows sikuahidi.” Hapo alikuwa anajua anachosema. Mwaka 2014 FTDI, kampuni ya Glasgow inayotengeneza chipu za adapta kama hizo, ilisambaza draiva ya Windows iliyofuta namba ya utambulisho kwenye chipu za kuigiza, kompyuta zikawa zinazikana kana kwamba hazijawahi kuziona. Muuzaji mkweli kiasi hicho haombwi punguzo. Nililipa alichotaja.

Ukishapata waya unadhani kazi imekwisha. Lakini seva ni ofisi ya zamani ya serikali: madirisha manne, na kila dirisha linakuandikisha upya kama vile hujapita kwa jirani. Dirisha la kwanza ni BIOS, nayo inataka kujua kasi ya waya. La pili ni GRUB, inataka kasi ileile lakini kwa maandishi yake. La tatu ni keneli, ambayo unaipa console=ttyS0,9600n8, ttyS0 likiwa ndilo jina la tundu letu. La nne ni getty, yule mpokezi anayetoa neno “login:” na kungoja. Kwetu kasi ilikuwa 9600 kila mahali, kwa sababu fundi aliyetangulia aliiweka hivyo kwenye BIOS, na BIOS haibadilishwi bila kuzima mashine. Na kuzima mashine, mama wa uhasibu hakubali.

Jioni ya kwanza tulichomeka waya kwa Twiga, mimi na kijana wetu wa fildi, na kwenye kioo kikatoka hiki: ~xæ~ø€xxx~ø. Mzee mlinzi alikuwa amekuja kuuliza kama tunafunga. Akachungulia.

“Wanangu, hiyo lugha gani?”

“Kichina, mzee,” kijana akasema.

“Mimi nimejenga TAZARA na Wachina,” mlinzi akajibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. “Hicho si Kichina.”

Alikuwa sahihi. Ilikuwa kasi. Huduma inayoitwa serial-getty@ttyS0.service huja na orodha ya kasi, 115200, 57600, 38400 na 9600, na maelekezo kwamba ibaki na kasi iliyoikuta. Ni maelekezo mazuri mpaka mtu achomeke waya. Ule mtikisiko wa pini kugusana, getty inaweza kuusikia kama ishara ya BREAK, na kwa getty maana ya BREAK ni moja tu: mteja hanielewi, nibadilishe kasi. Inarukia 115200. Wewe uko 9600. Sasa hakuna anayemwelewa mwenzake, na heshima yote ilikuwa imetoka kwake.

Dawa ni kuirekebisha huduma yenyewe ili orodha ibaki na kasi moja. Faili la asili, lile lililo chini ya /usr/lib, haliguswi. Ukiligusa, sasisho lijalo litalifuta bila kukuaga. Unaandika systemctl edit pamoja na jina la huduma, na systemd, msimamizi wa huduma za mashine, inakufungulia karatasi ambayo itahifadhiwa pembeni, kwenye /etc. Nilimwachia kijana, kwa sababu fildi ndiyo hiyo.

Karatasi hiyo inakuja na faili la asili limenakiliwa chini kwa ajili ya kusoma, na katikati kuna mstari unaoonya kwamba chochote kilicho chini yake kitatupwa. Kijana aliandika chini yake. Aliandika vizuri, kwa mpangilio, na maoni ya heshima yakieleza kila herufi. Akahifadhi. Mashine ikamjibu kwamba zoezi limefutwa kwa kuwa faili ni tupu. Akasoma jibu hilo na sura ya mtu aliyejaza karatasi zote za mtihani akaambiwa hakuhudhuria.

Akarudia, safari hii juu ya mstari. Mashine ikakataa tena: huduma ina ExecStart zaidi ya moja. Hapa ninamtetea. Nani angedhani kwamba kabla ya kuandika ExecStart yako lazima kwanza uandike ExecStart= isiyo na kitu, ili ile ya zamani ifutike? Kwa systemd usipofuta, umeongeza. Sheria inaeleweka ukishaelezwa, kama sheria nyingi za nyumbani kwa wakwe. Akaandika mstari mtupu, chini yake wa agetty wenye 9600 peke yake na vt220, akaiwasha huduma upya, na kioo kikasema kwa Kiingereza safi: twiga login:. Mlinzi akaitwa aone. “Hiyo sawa,” akasema.

Tukaingia. Na kwa kuwa mgeni akiingia hutazama kuta, tukatazama logi. Ilikuwa imejaa mstari mmoja, kurasa kwa kurasa: FAILED LOGIN on '/dev/ttyS0' FOR 'UNKNOWN'. Mtu asiyejulikana alikuwa akijaribu kuingia Twiga usiku na mchana, Jumapili, Idi, Krismasi, bila kuchoka. Mkurugenzi alipoelezwa alisimama wima. “Wadukuzi?” Nikamwambia kwamba ttyS0 haiko kwenye intaneti, anayebisha hapo lazima awe amesimama nyuma ya kabati la seva. Hilo lilizidisha hofu badala ya kuipunguza. Mlinzi akaitwa tena, sasa kwa sauti nyingine. Akaapa kwamba usiku hata paka hajapita.

Hakuna aliyepita kweli. Tulipokuja kuchomeka laptopu tulikuwa tumechomoa waya fulani wa kijivu na kuuacha unaning’inia. Kijana aliufuata kwa kidole nyuma ya kabati, na upande wa pili ukaishia kwenye tundu la Kifaru.

Fundi aliyetangulia alikuwa na wazo zuri: ukiwa ndani ya Kifaru uweze kufika Twiga kwa waya, hata mtandao ukifa. Ila alinakili mstari uleule wa keneli kwenye mashine zote mbili, na systemd ikiona console=ttyS0 humweka mpokezi hapo yenyewe, bila kuulizwa. Basi wapokezi wawili wakawa wametazamana kwenye ncha mbili za waya mmoja. Kifaru akasema “kifaru login:”. Twiga akayachukua maneno hayo kuwa jina la mtu, akaomba neno la siri. Kifaru naye akaliona ombi la neno la siri, akadhani ni jina, akaomba lake. Twiga akasema “Login incorrect”. Kifaru, kwa utiifu, akamtafuta kwenye orodha ya watumiaji mtu anayeitwa Login incorrect. Hakumpata. Akamjulisha Twiga, kwa maneno yaleyale. Mazungumzo hayo yalikuwa yakiendelea tangu fundi aondoke kazini, na kumbukumbu zake zilikuwa zimekula sehemu ya diski ambayo kwa kuliwa kwake sisi tulikuwa tumezilaumu hesabu za mishahara.

Tulimnyamazisha Kifaru. Amri ya disable haikutosha, kwa sababu mashine ikiwaka systemd inausoma tena mstari wa keneli na kumwajiri mpokezi upya. Inabidi mask, inayoielekeza huduma nzima kwenye /dev/null. Mstari wenyewe tutaufuta siku Kifaru akizimwa, na siku hiyo iko mikononi mwa uhasibu.

Mkurugenzi aliomba kuonyeshwa. Alikaa mbele ya kioo cheusi, akasoma “twiga login:”, akauliza mbona hakina nembo ya kampuni. Nikasema inawezekana, kuna faili linaitwa /etc/issue, maandishi yake hutokea kabla ya kuingia. Kijana akaitengeneza nembo kwa herufi, rangi mbili, kila herufi na msimbo wake wa rangi. Ilipendeza sana kwenye laptopu yake. Lakini 9600 ni herufi 960 kwa sekunde, na misimbo ya rangi ni herufi pia. Sasa mtandao ukikatika, simu zinalia, mama wa uhasibu amesimama mlangoni anaguna, mimi nachomeka waya na kungoja karibu nusu dakika nembo ijichore mstari kwa mstari kutoka juu. Kuongeza kasi kunawezekana. Inabidi kuanza na BIOS, na BIOS inataka Twiga azimwe, na nimeambiwa nisubiri wafunge mwezi.