Mwongozo wa Matembezi ya Ziwani kwa Mkazi wa Satellite

Jumapili imefika, watoto wa ploti wamechoka kupiga mpira kwenye ngazi, na hela ya kwenda Naivasha imeliwa na karo. Usihuzunike. Mkazi wa Riruta Satellite ana ziwa lake hapa hapa mjini, tena la kujengwa na serikali. Fungua ramani kwenye simu, fuata Ngong Road kuelekea mjini, kisha shuka na kidole upande wa kusini wa Kibera. Lile doa la samawati ndilo Nairobi Dam. Litazame vizuri na uwaonyeshe watoto, kwa sababu maji mengi kiasi hicho hamtayaona tena hadi jioni.

Kwanza historia, mzazi asije akakosa la kusema. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1953, serikali ya mkoloni ilipouzuia mto Motoine ili jiji liwe na akiba ya maji. Lilikuwa na ukubwa wa hekta 35 hivi, yaani zaidi ya ekari 80. Mabwana na mabibi wakaleta mashua za tanga, wakaunda klabu, na wikendi wakawa wanashindana na upepo huku Kibera ikiwatazama kutoka ng'ambo. Uhuru ulipopatikana mashua ziliendelea kuelea kwa miaka mingi tu. Usidhani ni ngano za wazee: picha zipo, na tanga zinaonekana.

Safari yenyewe ni rahisi. Panda matatu hadi Dagoretti Corner, kisha uchukue nyingine ya Ngong Road na ushukie Toi. Hapo sokoni usinunue nguo za kuogelea hata muuzaji akiapa kwamba zilivaliwa mara moja tu huko Ulaya. Nunua gambuti. Kisha kata Makina, pita Lindi, teremka hadi Silanga. Ukipotea, fuata mtaro wowote wenye maji. Yote yanakwenda unakokwenda, na hayaulizi njia. Wenye magari watapitia Lang'ata Road na kutokea karibu na Nyayo Highrise, ambako waliohamia orofa za juu waliahidiwa nyumba inayotazama ziwa. Ziwa lilipohama, nyumba zilibaki.

Ukihisi umefika na huoni ziwa, muulize mtu kwa adabu: "Samahani mzee, bwawa liko wapi?" Usishangae akikutazama miguuni na kukujibu, "Kijana, umesimama juu yake." Hapo inua macho ufurahie mandhari. Ule uwanja mpana wa kijani ni gugumaji, mgeni kutoka Amerika Kusini, ndugu wa lile linalowafungia wavuvi njia kule Ziwa Victoria. Hapa halina wa kumsumbua, kwani wavuvi waliondoka kabla yake. Mtoto akipiga kelele, "Baba, uwanja!" na kuanza kukimbia na mpira, mshike mkono haraka. Chini ya majani hayo yapo maji, na humo kuna mengine nisiyoyaandika kabla ya chakula cha mchana.

Sehemu nyingine imekwisha kuwa shamba. Miaka nenda miaka rudi Motoine umekuwa ukishusha udongo, taka na vinyesi vya mitaa isiyo na mabomba ya majitaka, hadi kina kikajaa na tope likawa nchi kavu. Mahali bwana wa klabu alipotupa nanga, leo mama anapiga jembe. Nduma zinastawi hapo, miwa inarefuka, sukuma wiki ina majani mapana kama masikio ya tembo. Ukitaka kuzisifu, zisifu. Swali la mbolea usiliulize. Wala usimlaumu mkulima. Katika hadithi nzima ya bwawa hili, ni yeye peke yake aliyepewa uchafu akautoa ukiwa chakula.

Sasa michezo. Kuogelea hakuna, na hapo sifanyi mzaha. Kuvua samaki kunahitaji imani kuliko ndoano. Watazama ndege watawakuta wale korongo wakubwa wenye vipara wanaosimama kwenye taka kama wazee wa baraza wanaosubiri kikao cha posho. Wapenda ndege za chuma nao wamebarikiwa, kwa kuwa uwanja wa Wilson uko karibu na vindege vinapita juu siku nzima vikiwapeleka watalii Maasai Mara. Wapungie mkono. Wamelipa dola kwenda kutazama nyumbu wakivuka mto, na nyinyi mnautazama mto ukishindwa kulivuka bwawa.

Mtoto akililia boti, mwahidi Uhuru Park. Bustani hiyo, iliyofunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969, nayo ina ziwa la kuchimbwa. Ipo hadi leo kwa sababu mwaka 1989 Wangari Maathai alikataa lisijengwe jumba la ghorofa 60 ndani yake, akatukanwa bungeni, na hakurudi nyuma. Bwawa letu halikupata mtetezi wa namna hiyo. Limepata wageni wa heshima wenye glavu mpya, na wapiga picha.

Maji ya kunywa mbebe kutoka nyumbani, au mnunue hapo ukingoni. Ndiyo, nunueni. Silanga imepakana na bwawa lililojengwa kuwa akiba ya maji ya jiji, na wakazi wake hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Bwawa kuu la kuilisha Nairobi liko mbali kule Ndakaini, Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Mifereji ikikauka, bei ya mtungi hupanda, na mama wa Silanga hulipia kila lita zaidi ya mwenye bustani na mbwa watatu anayefungua bomba kule Karen. Waeleze watoto jambo hili polepole. Wakikuuliza sababu, wanunulie miwa, ila ile ya sokoni.

Kabla ya kuondoka, tembeleeni ukuta wa bwawa. Ng'ambo yake mto unaitwa Ngong, nao unapita Industrial Area na Mukuru, unajiunga na mto Nairobi, unaingia Athi, unageuka Galana na mwishowe Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Jirani yako aliyejigamba Desemba kwamba anakwenda kuoga pwani aliyafuata maji yetu haya haya.

Maana Motoine huanzia huku juu, upande wetu wa Dagoretti, na tunachoumwagia ndicho kinachowapokea wageni kule chini. Kwa hiyo ukifika Satellite, vua gambuti, zioshe mbali na mtaro, kisha umuulize mwenye ploti bomba la choo chenu linaishia wapi. Akijifanya hajasikia, muulize tena tarehe tano, ukiwa na kodi mkononi.