Farasi Naye Alikuwa Likizo

Machi ikifika Uingereza, utawaona wanafunzi wa msimu wanarudi kwenye masomo ya kupanda farasi: buti zinang'aa, kofia ngumu mpya, na suruali ya mwaka jana ikilalamika kwenye mishono. Desemba waliikimbia baridi, wakaahidi kufanya mazoezi nyumbani. Wamefanya, ila ya meno. Shule nyingi huko zina kikomo cha uzito, nyingine hutoa na mizani kabisa, kwa hiyo keki za Krismasi husomwa hadharani kabla ya salamu. Farasi, aliyeota manyoya mazito na kushinda topeni, hana neno. Mwalimu akiamuru mwendo wa matiti, ule wa mbio za taratibu, bwana mkubwa hurukaruka juu ya tandiko kama gunia la mkaa kwenye bodaboda.

"Huyu farasi amesahau mafunzo," anasema, huku mguu ukipapasa kutafuta kikuku cha tandiko.